Mtafiti Kurudi Kwao: Nafasi, Lugha na Haki ya Kusahihisha katika Utafiti wa Nyanjani, kwa Kurejelea Upare Kusini

Ikisiri

Makala haya yanachunguza hali ya mtafiti aliyejiunga na chuo kikuu cha nchi za nje ambaye hurudi kwao kwa muda ili kukusanya data. Mahali panaporejelewa ni Myamba na maeneo jirani ya milima ya Upare Kusini, wilayani Same. Inadaiwa kwamba ujuzi wa lugha na undugu humfungulia mtafiti huyo milango fulani na kumfungia mingine; kwamba data zake hupita katika lugha tatu na kupungua kila zinapovuka; na kwamba kurudi kwake hakukamiliki mpaka waliompa maarifa wapate nafasi ya kuyasahihisha aliyoyaandika.

1.0 Utangulizi

Methali mbili za Kiswahili zinaweza kuwekwa mkabala pale linapozungumziwa suala la utafiti. Ya kwanza husema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Ya pili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya kwanza humsifu mwenyeji kwa kuwa anaijua ngoma na wanaoipiga. Ya pili hukiri kwamba mwenyeji naye ana maradhi yanayohitaji mtu wa kutoka nje. Mjadala wa muda mrefu kuhusu nani anafaa zaidi kuchunguza jamii, mzaliwa au mgeni, umekuwa ukienda baina ya methali hizi mbili, kila upande ukishikilia yake.

Yuko hata hivyo mtafiti ambaye methali zote mbili zinamhusu kwa wakati mmoja. Huyu ni mzaliwa wa mahali anapopachunguza, lakini amesajiliwa katika chuo kikuu cha Ulaya, Marekani au kwingineko, na amefadhiliwa kuja kwao kwa miezi kadhaa. Katika majalada ya chuo chake safari hiyo huitwa utafiti katika nchi ya nje. Katika kijiji chake safari hiyo hiyo huitwa kurudi nyumbani. Majina yote mawili ni sahihi, na hapo ndipo tatizo linapoanzia: mtu huyu anarudi ili aondoke tena, na tarehe ya kuondoka imekwisha kuandikwa kwenye tiketi yake.

Myamba, kata iliyomo katika milima ya Upare Kusini, wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, imechaguliwa kuwa mahali pa kufikiria suala hili kwa sababu tatu. Kwanza, Upare umeandikwa kwa zaidi ya karne moja, na wageni na wazaliwa. Pili, mwenyeji wa milima hiyo huishi kila siku na lugha zaidi ya moja, yaani Chasu na Kiswahili. Tatu, yako maarifa ya Wapare, hususan yale ya maji, ambayo yamevuka mipaka na kuingia katika maandishi ya kigeni, na hivyo safari yake inaweza kufuatiliwa.

2.0 Usuli: Kutoka Msemaji hadi Mtafiti

Mwanzoni mwa karne ya 20, kazi ya kuandika juu ya jamii za Afrika Mashariki iligawanywa kwa namna iliyo bayana: Mwafrika alikuwa msemaji, Mzungu alikuwa mwandishi. Mwaka 1909 ilichapishwa huko Berlin sarufi ya Chasu iliyoandikwa na Ernst Kotz, mmisionari wa Kijerumani aliyeishi Upare. Sarufi hiyo ni kazi yenye thamani hadi leo. Hata hivyo, iliandikwa kwa Kijerumani, na kwa hiyo wasomaji waliolengwa hawakuwa wale ambao sentensi zao ndizo zilizochambuliwa.

Hali ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, inaonyesha mgawanyo huo kwa ukali zaidi. Mtoro alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maelezo yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten. Mwaka 1905 alijaribu kurudi Afrika Mashariki pamoja na mkewe Mjerumani. Utawala wa kikoloni ulimzuia, akalazimika kurejea Ujerumani, na huko alifariki mwaka 1927. Mwandishi wa kitabu kikubwa juu ya desturi za kwao alifungiwa mlango wa kwao.

Mgawanyo huo ulianza kuvunjika pale Waafrika walipoingia vyuo vya nje wakiwa wanafunzi wa elimu ya jamii na historia. Jomo Kenyatta alichapisha utafiti wake juu ya Wakikuyu mwaka 1938 baada ya kusoma London, akitegemea zaidi malezi na kumbukumbu zake. Katika miaka ya 1960 Okot p'Bitek, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alichunguza fasihi simulizi ya Waacholi, watu wake mwenyewe, na wa Walango. Bethwell Ogot aliandika historia ya Wajaluo wa kusini, iliyotoka mwaka 1967. Katika kizazi hicho kumbukumbu za mzaliwa hazikuonekana tena kuwa zinatosha. Mzaliwa alitakiwa arudi, asikilize, alinganishe masimulizi na kuyahoji.

Kwa upande wa Upare, kazi ya msingi ni ya Isaria N. Kimambo, mwanahistoria Mpare aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1967. Kitabu chake juu ya historia ya kisiasa ya Wapare tangu takriban mwaka 1500 hadi 1900 kilichapishwa Nairobi mwaka 1969. Kimambo alijenga historia hiyo kwa kutumia mapokeo simulizi ya koo. Baadaye, mwaka 1971, aliandika juu ya mbiru, upinzani wa Wapare dhidi ya kodi ya kikoloni, na mwaka 1991 akatoa kitabu juu ya athari za uchumi wa dunia katika Upare. C. K. Omari aliandika juu ya dhana ya Mungu na ibada katika jamii ya Waasu (1990), na Abel Y. Mreta juu ya njeo na hali katika Chasu (1998). Kazi hizi zimemtoa Mpare katika nafasi ya msemaji na kumweka pia katika nafasi ya mchambuzi. Ila vitabu vilivyotajwa vya watafiti hawa vilitoka kwa Kiingereza. Mwandishi alibadilika, lugha ya kuandikia haikurudi pamoja naye.

3.0 Nafasi ya Mtafiti Anayerudi

3.1 Mwana wa nani

Mgeni anapofika kijijini huulizwa ametoka wapi na anataka nini. Mzaliwa huulizwa kwanza yeye ni mwana wa nani. Jibu la swali hilo humweka katika ukoo, na ukoo humpangia nani ni baba yake mkubwa, nani ni mjomba wake, nani anaweza kutaniana naye na nani anapaswa kumwinamishia kichwa. Mahojiano yake yote hufanyika ndani ya mpango huo.

Katika Upare jambo hili lina uzito wa kitaaluma, kwa kuwa historia yenyewe ni ya koo. Mapokeo ya Ugweno, Upare Kaskazini, yanasimulia jinsi ukoo wa Washana, wahunzi waliokuwa na mamlaka, ulivyopinduliwa na Wasuya chini ya Angovi. Tukio kama hilo haliwezi kusimuliwa vilevile mbele ya mwana wa walioshinda na mbele ya mwana wa walioshindwa. Mgeni husimuliwa na pande zote mbili, kila upande ukitumaini kumvuta. Mzaliwa huchukuliwa kuwa amekwisha kuvutwa. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa mambo madogo ya kila kijiji: mipaka ya mashamba, mirathi, mahari na chanzo cha uhasama wa nyumba mbili.

Yako pia maswali ambayo mwana hana ruhusa ya kuuliza. Mgeni akiuliza jambo lisilo la adabu husamehewa kwa kuwa hajui. Mwana akiuliza jambo hilo hilo huonekana ama hakulelewa ama ametumwa. Hata swali la kawaida huweza kurudishiwa mshangao: "Mwanangu, hata hayo nawe huyajui?" Mzee anayejibu hivyo hakatai kusema. Anaona tu kwamba hakuna haja ya kueleza kinachojulikana.

Hapa ndipo penye hasara isiyotambulika kwa urahisi. Mzee anayezungumza na mwana wa mahali hapo hukatisha maelezo yake kwa maneno "kama unavyojua". Mtafiti hutikisa kichwa kwa heshima, na mazungumzo yanaendelea. Miezi sita baadaye, akiwa mbali, hugundua kwamba hakuwa akijua, au alijua kwa namna ya nyumba yao tu, na kwamba katika kanda zake mahali palipohitaji maelezo pana ukimya. Mgeni asingeambiwa "kama unavyojua". Angeelezwa tangu mwanzo. Njia mojawapo ya kukabiliana na hali hii ni kumwomba mzee amweleze kijana au mjukuu aliyepo, huku mtafiti akinasa sauti. Mzee hubaki katika nafasi yake ya mwalimu, kijana katika nafasi yake ya mwanafunzi, na mtafiti huepuka kujifanya mjinga mbele ya watu wanaomjua.

3.2 Maarifa yenye mipaka

Dhana ya mwenyeji mara nyingi huchukuliwa kana kwamba ni moja. Utaratibu wa mshitu, yaani msitu wa jando wa Wapare, unaonyesha kwamba sivyo. Mafunzo ya mshituni yalikuwa ya waliopitia humo, na hayakutolewa nje. Kadiri shule na dini mpya zilivyoenea, wengi hawakuupitia mshitu, na ni miongoni mwa hao waliosoma shuleni walikopatikana wasomi wa kwanza. Kwa hiyo msomi anayerudi huenda akawa Mpare kwa kuzaliwa na kwa lugha, lakini katika jambo hili akawa mtu wa nje sawasawa na mgeni yeyote. Ikiwa aliupitia, anafungwa na ahadi ya kutosema. Mmoja anakosa maarifa. Mwingine anakosa idhini ya kuyatoa. Chuo cha nje kinachodhani kwamba mzaliwa ataleta yote kwa kuwa ni mzaliwa kimekosea katika hali zote mbili.

Jinsia huongeza mpaka mwingine. Binti anayerudi hufunguliwa mazungumzo ya akina mama jikoni na shambani ambayo kaka yake hawezi kuyasikia. Katika baraza la wazee huenda akaketishwa pembeni, hata akiwa na shahada kubwa kuliko wote waliopo.

3.3 Barua na daftari

Mtafiti anayerudi huleta barua. Mwaka 1968 Tanzania iliunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililojulikana kwa jina la UTAFITI, na sheria ya mwaka 1986 ikaunda Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kuchukua nafasi yake. Kutoka ngazi ya taifa, utambulisho hushuka mkoani, wilayani, katani hadi kijijini. Barua hii ni ya lazima na ina faida. Ila hubadili sura ya anayeileta: aliyeondoka akiwa mwana anaonekana akiingia kwa mtendaji wa kijiji kama mtu wa serikali.

Katika Upare daftari la maswali juu ya mali lina historia yake. Kodi ya mbiru ilikadiriwa kwa kupima mali ya kila mtu, na mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi makao makuu ya wilaya Same kuipinga. Historia hiyo inatosha kumkumbusha mtafiti kwamba kuhesabu ng'ombe na mashamba ya watu si kitendo kisicho na siasa. Inafaa atoe maelezo yake mkutanoni mapema, kabla daftari halijafunguliwa.

4.0 Lugha Tatu za Utafiti Mmoja

Data za mtafiti anayezungumziwa hupita katika lugha tatu. Husemwa kwa Chasu, hujadiliwa na kunukuliwa kwa Kiswahili, na huandikwa kwa Kiingereza, Kijerumani au lugha nyingine ya chuo. Kila kivuko kina ushuru wake.

Kivuko cha kwanza si cha maana za maneno tu, bali pia cha mahusiano. Kiswahili ndicho lugha ya shule, ya mikutano na ya barua za serikali. Mtafiti akianza mazungumzo kwa Kiswahili, aghalabu hujibiwa kwa rejista ya mkutano: majibu marefu, ya jumla, yaliyopangwa. Akianza kwa Chasu hujibiwa kama mwana, kwa ufupi na kwa mafumbo. Kwa hiyo uchaguzi wa lugha ni uchaguzi wa nafasi, na unapaswa kuelezwa katika tasnifu kama unavyoelezwa uchaguzi wa sampuli. Kuna pia suala la sarufi. Kwamba uchambuzi wa njeo na hali katika Chasu ulihitaji kitabu kizima (Mreta 1998), tena kwa miundo yakinishi peke yake, ni onyo kwa anayetafsiri masimulizi ya kale kwa kutumia -li- na -me- za Kiswahili bila kusita.

Mfano wa neno ndiva unaweza kufafanua vivuko vyote viwili. Ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya kijito au chemchemi. Hujazwa, aghalabu usiku, kisha hufunguliwa ili maji yapite katika mfereji, mfongo, kuelekea mashambani. Maji hugawanywa kwa zamu, na usafishaji wa ndiva na mifereji hufanywa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya wanaohusika. Katika Kiswahili cha kawaida ndiva itaitwa bwawa. Neno hilo linataja shimo na maji, lakini linaacha zamu, linaacha msaragambo, na linaacha haki ya mtu kupewa maji kwa kuwa alishiriki kuzibua. Kutoka bwawa kwenda neno la Kiingereza la hifadhi ya maji, hata udogo wa kitu chenyewe hupotea.

Wahandisi wa maji waliochunguza bonde la Makanya mwanzoni mwa miaka ya 2000, pamoja na ndiva ya Manoo huko Bangalala, walilitumia neno ndiva katika maandishi yao ya Kiingereza. Huo ni ushahidi kwamba lugha ya kigeni inaweza kulipokea neno pale mtafiti anapotambua kwamba tafsiri itaharibu hoja. Funzo kwa mtafiti mzaliwa ni hili: kwa kuwa yeye haoni ugumu wa neno, ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kulitafsiri haraka. Mgeni hukwama kwenye ndiva na kulazimika kuuliza. Mzaliwa huvuka bila kukwama, na kwa hiyo bila kuuliza.

Kiswahili kina nafasi ya pekee katika mpangilio huu. Hakiko mbali na Chasu kama Kiingereza kilivyo, kwa kuwa vyote viwili ni vya jamii ya Kibantu. Wala si mali ya ukoo mmoja. Ni lugha ambayo mzee wa Myamba, kijana wa Same mjini na mwanazuoni wa Dar es Salaam wanaweza kubishania jambo. Neno msaragambo lenyewe limetoka milimani na kuingia katika Kiswahili pamoja na maana yake. Kwa hiyo Kiswahili kisichukuliwe kuwa daraja la kupitia tu baina ya Chasu na lugha ya tasnifu. Ni lugha ambamo matokeo yanaweza kukaa.

5.0 Haki ya Kusahihisha

Mambo yaliyojadiliwa yanaelekea kwenye suala moja. Msimulizi aliyetoa maarifa hana njia ya kumpinga mwandishi ikiwa kitabu kimeandikwa kwa lugha asiyoisoma na kimewekwa katika maktaba asiyoweza kuifikia. Makosa yaliyotokana na "kama unavyojua", na upendeleo wa ukoo, na tafsiri ya haraka hubaki bila kuguswa. Wasahihishaji wa chuo hawawezi kuyaona, kwa kuwa hawaijui Myamba. Walio na uwezo wa kuyaona hawaletewi. Kwa hiyo kurudisha matokeo, ambako mara nyingi huhesabiwa kuwa shukrani au ukarimu, ni sehemu ya uthibitishaji wa data.

Hatua nne zinaweza kupendekezwa. Kwanza, mpango wa utafiti uwe na safari mbili tangu mwanzo, ya pili ikiwa ni ya kurudisha rasimu kabla tasnifu haijafungwa. Na ufadhili uombwe kwa hesabu hiyo. Pili, muhtasari wa Kiswahili uandaliwe na kusomwa mbele ya waliohojiwa, na pingamizi zao ziandikwe ndani ya tasnifu kama sehemu ya ushahidi. Tatu, nakala za sauti zibaki nchini, katika taasisi inayoweza kuzihifadhi, na kijijini pale wenyewe wanapotaka. Nne, wasimulizi waulizwe kama wangependa kutajwa kwa majina au la, badala ya mtafiti kuwaamulia.

Pingamizi zinaweza kutolewa. Huenda ikasemwa kwamba kusoma matokeo hadharani kutachochea ugomvi wa koo au kufichua yasiyofaa kufichuliwa. Hoja hii ina nguvu, na ndiyo maana si kila kitu kinafaa kusomwa mkutanoni: mambo ya mshituni na migogoro ya mipaka yarudishwe kwa wahusika peke yao. Huenda pia ikasemwa kwamba wasimulizi wataibana historia iwafurahishe. Lakini tayari inabanwa na kimya cha mtafiti na kwa tafsiri yake. Ubishi ulioandikwa unamsaidia msomaji kupima. Upendeleo uliofichwa haumsaidii. Huenda hatimaye ikasemwa kwamba vyuo vya nje havihesabu maandishi ya Kiswahili. Hilo ni tatizo la vyuo hivyo, na halimwondolei mtafiti deni lake.

Kwamba jambo hili linawezekana linaonekana katika kamusi ya Mreta ya Chasu, Kiingereza na Kiswahili, iliyotolewa mwaka 2008 katika Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanafunzi wa sekondari wa milimani anaweza kuifungua, akatafuta neno la bibi yake, na kumwuliza bibi kama limeelezwa sawa. Kitendo hicho kidogo ndicho kinachokosekana katika sarufi ya mwaka 1909, na katika tasnifu nyingi zilizoandikwa baada yake.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mtafiti anayerudi kwao kutoka chuo cha nje hana ubora wa moja kwa moja juu ya mgeni, wala hana upungufu wa moja kwa moja. Undugu humpa njia na humwekea mipaka. Lugha humpa wepesi na kumnyima maswali. Barua humpa ruhusa na kumwondolea uwana. Anayeyatambua haya anaweza kuyageuza kuwa mbinu za utafiti.

Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtafiti anaweza kwenda tezi na omo, yaani Northwestern, Oxford au Berlin, na kuandika huko kwa lugha za huko. Ngama ya utafiti wake ni pale yalipotoka maneno. Utafiti ujao utafaa kuchunguza ni tasnifu ngapi juu ya jamii za Tanzania zilizopata kusomwa na waliohojiwa, na ni masahihisho ya namna gani waliyoyatoa.